La bohème mbili za Tebaldi

Swali: Nimekuta rekodi mbili za La bohème, opera ya Puccini, za mwimbaji wa soprano Renata Tebaldi, zote za kampuni ya rekodi ya Decca. Nianze na ipi?

Jibu: Anza na ya 1959. Tullio Serafin anaongoza okestra, Carlo Bergonzi anaimba Rodolfo, mpenzi wa Mimì anayeimbwa na Tebaldi, na kwa kuwa ni stirio (sauti ya njia mbili), kila ala inasikika mahali pake. Ya 1951, chini ya Alberto Erede, ni mono (sauti ya njia moja). Ukisikia sauti yote ikitoka katikati, spika zako hazina kasoro. Ila usiiache! Tebaldi, mzaliwa wa Pesaro, alikuwa na miaka 29 tu, na noti za juu anazipanda kwa wepesi zaidi. Linganisha “Mi chiamano Mimì”, wimbo ambao Mimì anajitambulisha, hasa pale anapoimba kuhusu theluji kuanza kuyeyuka.