Tangazo la Msiba Wanalisoma, Lako Hawalisomi

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi ni afisa rasilimali watu katika kiwanda cha vifungashio Morogoro, wafanyakazi 180, zamu mbili. Tulibadili muda wa kuingia zamu ya usiku, uwe wa mapema zaidi. Tangazo lilikaa ubaoni wiki nzima, likatumwa kwa barua pepe na kwenye grupu la WhatsApp, na kila mtu akasaini karatasi ya "nimesoma na kuelewa". Jumatatu nusu ya zamu ikaja kwa muda wa zamani. Meneja anataka tununue programu ya simu inayoonyesha nani kafungua tangazo, na asiyefungua akatwe Sh 5,000. Nimeambatisha tangazo lenyewe. Tufanye nini ili watu wasome?

JIBU: Marahaba, dada. Swali hili halikauki mezani kwangu, ila wengi huleta malalamiko bila tangazo. Wewe umeliambatisha, na jibu lako limo humo humo.

Linaanza "YAH: MABADILIKO YA RATIBA". Halafu "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Halafu aya mbili za uongozi kupenda kuwataarifu wafanyakazi wote azma yake ya kuongeza tija. Muda mpya umejificha aya ya nne, na umeandikwa "saa 6:00 jioni".

Saa sita jioni ni saa ngapi? Aliyeandika alikuwa anatazama 18:00 ya kompyuta yake. Fundi wa mashine anajua saa sita ya mchana na saa sita ya usiku; hiyo ya jioni hajawahi kuiona. Asipoelewa, hatapanda ngazi kuja ofisini kwako kuuliza. Atakuja kwa muda anaoujua, saa 2 usiku. Tena tangazo halisemi kama basi la wafanyakazi nalo linatangulia, na kwa anayesubiri basi Msamvu, hilo ndilo tangazo. Waulize wale waliofika kwa wakati walijuaje. Sitashangaa wakikwambia msimamizi wa zamu aliwaambia kwa mdomo.

Na wote 180 walisaini kwamba wameelewa!

Hapa ndipo ninapochoka. Watu wa ofisini tumejiaminisha kwamba saini, "nimepokea, bosi", kidole gumba na tiki za bluu ni dalili za usikivu. Saini ya kwenye foleni ya kuingia getini inathibitisha kwamba mtu alipewa kalamu. Tiki ya bluu inasema ujumbe ulifunguliwa. Aliyefungua alikuwa anatafuta picha za harusi ya mwenzake, hilo haisemi. Nimewahi kuingia kiwandani (sikitaji) nikaonyeshwa faili nene la saini za utaratibu mpya wa kuzima mashine kabla ya kuisafisha. Nikawauliza watu watano sakafuni: unaanza kuzima wapi? Nikapata majibu manne tofauti. Meneja akanifungulia faili tena, kana kwamba sikuliona vizuri.

Wanaopenda saini husema zitawasaidia mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inakopelekwa migogoro ya kazi. Someni Kanuni za Utendaji Bora za 2007. Mfanyakazi akiachishwa kwa kuvunja kanuni ya kazi, huangaliwa kama kanuni yenyewe ilikuwa wazi, na kama aliijua au alipaswa kuijua. "Saa 6:00 jioni" haiwi wazi kwa kusainiwa na watu wengi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nayo inasema mfanyakazi asipoelewa maelezo ya maandishi ya ajira yake, mwajiri ahakikishe anaelezwa kwa namna anayoielewa. Kukabidhi karatasi na kuelewesha, kwa sheria, ni kazi mbili. Na hiyo Sh 5,000 mwambie meneja aisahau: sheria hiyo hiyo haimruhusu kukata mshahara kwa sababu aliyojitungia.

Msiniambie Watanzania hawasomi. Bandika tangazo la msiba ubao ule ule. Kabla ya chai kila mtu anajua aliyefiwa ni nani, mazishi wapi na lini, gari linaondoka saa ngapi, mchango anapokea nani. Halina "husika na", wala azma ya uongozi. Kila mstari una kitu cha kufanya, na limeandikwa na mtu anayetaka watu wafike.

Lako liwe hivi: "ZAMU YA USIKU: Kuanzia Jumatatu tunaingia saa 12 jioni, siyo saa 2 usiku. Basi litatoka Msamvu saa 11 na nusu jioni. Wa zamu ya mchana hawahusiki." Basi. Wape wasimamizi siku moja kabla ya kulibandika, ili wakiulizwa wasiseme "hata mimi nimeliona ubaoni". Walisome kwenye kikao cha kuanza zamu, kisha wamuulize mmoja wa nyuma: kesho unaingia saa ngapi? Grupu la matangazo liwe peke yake, wanaotuma wawe viongozi wake tu. Salamu za Ijumaa na vichekesho viwe na grupu lao.

Sasa huyo muuzaji wa programu. Siku hizi wamejaa, kila mmoja na michoro yake ya "asilimia ya waliofungua". Kwenye barua pepe hesabu hiyo mara nyingi hutokana na kijipicha kisichoonekana, ambacho kikipakuliwa huhesabiwa kuwa umesoma. Tangu 2021 programu ya barua pepe ya Apple inaweza kukipakua yenyewe, mwenye simu awe amesoma au amelala. Kwenye simu ya mfanyakazi, programu itakula bando analonunua kwa pesa yake na nafasi ambayo simu yake haina, na simu yenyewe iko kabatini hadi zamu iishe. Wengine wanauza semina ya siku mbili ya "kuamsha ari ya wafanyakazi", na fulana juu. Kabla hujasaini hundi, mpe muuzaji tangazo lako la zamani na umuulize programu yake italifanyaje ile saa sita jioni.