Mawe yenye maandishi Cornwall: nenda jua likiwa chini

Ukijaliwa kufika Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, usiishie ufukweni. Kando ya barabara nyembamba za mashambani kuna mawe yaliyochongwa maandishi ya Kilatini zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na huhitaji usomi wowote kuyasoma. Unachohitaji ni mwanga wa pembeni.

Chukua Mên Scryfa. Ukitoka barabara ya Madron kwenda Morvah, fuata njia ya mashamba inayopita karibu na Mên-an-Tôl, jiwe la kale lenye tundu, kisha litafute shambani upande wa kushoto. Ni jiwe la itale, urefu wake karibu mita 1.8. Mchana wa jua la utosi, wengi hulitazama, wakaona mikwaruzo tu, wakageuka. Asubuhi mapema au alasiri ya kuelekea jioni, kila mchongo hujaa kivuli na herufi hujitokeza: RIALOBRANI CUNOVALI FILI, yaani jiwe la Rialobran mwana wa Cunoval. Herufi zimeandikwa kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo inamisha kichwa. Jua likikosekana, na Cornwall hukosekana sana, shika tochi sambamba na uso wa jiwe, usiimulike moja kwa moja. Mimi sitoki bila tochi.

Nakusihi, usipake chaki ndani ya herufi, wala usisugue yale madoa ya kijivu na manjano yaliyoota juu yake. Itale ni ngumu, lakini michongo hii imebaki na kina kidogo mno, na brashi ya waya itamaliza kilichovumilia mvua ya karne nyingi. Mengi ya mawe haya yanalindwa kisheria pia. Geti la shamba liache kama ulivyolikuta.

Karibu na St Cleer, jiwe la Doniert liko pembeni kabisa mwa barabara. Linaomba dua kwa ajili ya roho ya Doniert, anayedhaniwa kuwa Dungarth, mfalme wa Cornwall aliyekufa maji yapata mwaka 875. Hilo ni rahisi, anza nalo kama una watoto.

Jiwe la Drustanus mwana wa Cunomorus, nje kidogo ya Fowey, limehamishwa zaidi ya mara moja, basi usilichukulie kuwa alama ya kaburi mahali liliposimama leo. Ukishasoma, zunguka upande wa pili: kuna msalaba wa umbo la T, nao wengi huondoka bila kuuona.