Ukimchorea mwenzako, tafuta kwanza maneno yake

Juni 2019, siku chache baada ya waandamanaji kuuawa mbele ya makao makuu ya jeshi mjini Khartoum, nilikesha nikichora. Mwanamke mwenye minyororo mikononi, chozi kubwa shavuni, nyuma yake bendera ya Sudan iliyochanika. Asubuhi nikamwonyesha dada mmoja Msudani tuliyepanga naye nyumba moja hapa Dar es Salaam. Aliutazama mchoro kwa muda mrefu, kisha akasema, "Asante, mdogo wangu. Lakini huyu mwanamke simjui."

Akanikalisha. Akanieleza kambi ya waandamanaji iliyoanza hapo tarehe 6 Aprili, vijana wakigonga vyuma vya daraja la reli kwa mawe hadi pakalia kama ngoma, treni iliyofika kutoka Atbara ikiwa imefurika watu mpaka juu ya mabehewa. Akanieleza habari za Mohamed Mattar, aliyeuawa kwa risasi tarehe 3 Juni. Kijana huyo alipenda buluu, na ndiyo rangi watu wengi duniani waliyoiweka kwenye picha zao mtandaoni. Katika mchoro wangu hakukuwa na hata kimoja cha hayo. Nilikuwa nimechora uchungu wangu mimi.

Kwa hiyo, ndugu mchoraji, uliza kabla hujashika penseli. Ukikosa wa kumuuliza, sikiliza wanachoimba barabarani na usome mabango waliyoandika wenyewe.

Mfano ninaoupenda ni wa Judy Seidman, mzaliwa wa Marekani aliyejiunga na Medu, kundi la wasanii waliopinga ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini wakiwa Gaborone, Botswana. Mwaka 1981 alichora bango la kuwakumbuka wanawake wapatao 20,000 walioandamana Pretoria tarehe 9 Agosti 1956 kupinga sheria za pasi, vibali ambavyo Waafrika walilazimishwa kubeba. Maneno hakuyatunga yeye. Aliyachukua kwenye wimbo wa wanawake wenyewe: mkiwagusa wanawake, mmegonga mwamba. Sisi tuliokulia kwenye kanga tunalielewa hili haraka, maana kanga hununuliwa kwa jina lake, hata kama maua yake ni mazuri kiasi gani. Bango nalo lina jina, na wa kulitoa ni mwenye msiba.

Usichukulie kazi hii kuwa nyepesi. Usiku wa tarehe 14 Juni 1985 wanajeshi wa Afrika Kusini walivuka mpaka wakaua watu 12 Gaborone, mmoja wao Thami Mnyele, mchoraji wa Medu. Ndiyo maana sinakili kamwe sura ya mtu aliye hai kutoka picha ya maandamano bila ruhusa yake. Nabadilisha uso, nguo, hata kovu.

Punguza mistari pia. Handala, yule mtoto wa Kipalestina aliyechorwa na mchora katuni Naji al-Ali tangu 1969, yuko pekupeku na ametupa mgongo. Mtoto yeyote anaweza kumchora ukutani kwa kipande cha mkaa. Mimi humpa mpwa wangu anakili mchoro wangu, akishindwa, nafuta.

Mchoro wangu wa pili wa Khartoum ulikuwa wa buluu na nyeusi tu: mkono umeshika jiwe juu ya chuma cha daraja. Chini yake dada aliandika kwa mkono wake *madaniyya*, yaani utawala wa kiraia, neno walilokuwa wakiliitikia pale kambini. Akaurudisha mara moja tu.

"Tulikuwa wengi," akasema. "Ongeza mikono."