Mwanafunzi wa dizaini, andika kwa nini

Wiki iliyopita dogo mmoja niliyemsimamia kipindi chake cha field kanipigia simu anapiga kelele, kapata kazi! Nimefurahi kama nimepata mimi. Na kilichompa kazi siyo potifolio, maana potifolio kali walikuja nazo wengi kwenye ile intavyuu, kilichompa ni daftari. Walimuuliza hii pakiti ya unga wa lishe mbona jina liko ubavuni, akafungua ukurasa akawaonyesha.

Huo ukurasa naujua, aliuandika mbele yangu. Mteja wetu alikuwa mama anayesaga unga nyumbani, dogo kachora pakiti tatu zote safi, nikamwambia kabla hujachagua nenda kwa Mangi pale mtaani kaangalie unga unakaaje dukani. Karudi, kaandika: "Mangi analaza pakiti, moja juu ya nyingine, mteja yuko nje ya nondo anaona ubavu tu. Mbele hapaonekani mpaka uishike." Chini yake akaongeza: "Nimehamisha jina. Picha ya mtoto niliifanya kubwa kwa sababu mimi napenda picha, siyo kwa sababu mama anaihitaji."

Hiyo sentensi ya mwisho jamani. Mtu bado yuko chuo lakini anajua anapenda nini na anajua wakati gani aweke mapenzi yake pembeni. Huyo tayari ni dizaina, cheti kitamkuta.

Mimi hakuna aliyenifundisha hivyo na nasema wazi bado inaniuma. Mwaka wa tatu nilisimama mbele ya darasa na bango la kliniki ya mama na mtoto, nimekesha nalo, lekcha akaliangalia akasema "hii kazi haina mwenyewe", akaita anayefuata. Haina mwenyewe kivipi? Nifanyeje iwe naye? Hakusema. Nikahangaika na hiyo kauli mpaka namaliza degree, mwezi huu fonti nyembamba na nafasi nyeupe kibao, mwezi ujao vitenge kila kona, natafuta staili yangu wakati swali lenyewe sijawahi kuulizwa. Aliyekuja kuniuliza ni fundi wa mashine kwenye duka la printi Kariakoo, nilikuwa napeleka pale kadi za michango ya harusi. Yule mzee alikuwa hawashi mashine mpaka umwambie kwa nini umechagua karatasi hii na siyo ile, kwa nini dhahabu, nani ataishika hii kadi. Nikaanza kuandika majibu usiku ili kesho yake nisibabaike mbele yake, na kupitia hayo majibu ndiyo nikaanza kujiona. Kumbe mimi kila mara napigania maandishi yasomeke na mtu mzima asiye na miwani. Hiyo ndiyo mimi, na kazi zangu zote mpaka leo ziko hivyo.

Kuna Mmarekani anaitwa Donald Schön, mwaka 1983 alieleza jambo hili kwa mfano wa mwalimu wa usanifu majengo akiwa na mwanafunzi wake mezani: mtaalamu anafikiri humohumo ndani ya kazi, mchoro unamjibu, naye anaujibu. Sasa kama huandiki, hayo mazungumzo yanapotea ukizima laptopu.

Na msinidanganye kwamba utambulisho ni kubandika michoro ya Tingatinga kwenye logo. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, aliyefariki 1972, alipaka kwa rangi ya mafuta, ile ya baiskeli, juu ya hardboard, vitu vya dukani alivyoweza kuvipata. Sura ya kazi zake ilitoka kwenye uamuzi wake na vilivyokuwa mkononi mwake. Wewe unachukua ile sura bila uamuzi wowote halafu unaiita yako?

Kwa hiyo andika. Daftari la mistari linatosha, ukichoka kuandika jirekodi kwa simu ukiwa kwenye daladala. Usiandike "leo nimefanya logo", hiyo ni ripoti ya field. Andika kwa nini umefuta, kwa nini umebaki na hii, nani alikukatalia ukakasirika na kwa nini ulikasirika. Mwisho wa semista soma yote kwa mkupuo, utaona kitu kinajirudia, kishike hicho. Wenzangu mnaotaka kufika mbali, msikwepe hili eti halina alama.

Na ninyi malekcha, nawaomba kwa heshima zote, hili daftari lipewe alama. Mwanafunzi akipresenti muulize alichokitupa kabla hajakuonyesha alichobaki nacho, umpe muda ajibu, na kama kazi haina mwenyewe kaa naye mpaka mjue amepotelea wapi.