Sikio moja tu
Shoga, unauliza kwa nini filamu ya kwenye ndege ilisikika sikio moja tu. Hedifoni yako nzima kabisa! Tazama mkono wa kiti: kama kuna matundu mawili, moja linatoa sauti ya kushoto, la pili ya kulia. Pini yako moja ya milimita 3.5 inaokota nusu. Tafuta adapta ya pini mbili. Mimi niliipata Ngamiani, kule Tanga, kwa fundi simu, ndani ya boksi la chaja mbovu. Ichomeke mpaka isikike "ta". Matundu mengine yamelegea, nilitoka Dar mpaka Dubai nimeishikilia kwa kidole kama naziba pancha. Bluetooth? Skrini nyingi za zamani hazina. Utahitaji kale kadude ka kurushia sauti kwenye hedifoni isiyo na waya, nako ukachaji nyumbani kabisa.