Kabla ya Kufungua Injini: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu,

Baada ya salamu, sisi huku Malindi hatujambo. Umeniuliza kama kuna faida kuendelea na mafunzo katika gereji hiyo ya malori huko Mombasa, ilhali kila uchao unapewa kubadilisha oili na filta tu, wala hujaruhusiwa kufungua injini.

Endelea. Injini ya dizeli haina plagi za kuwasha kama ya petroli. Mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa mno ndani ya silinda. Hewa ikipenya kwenye njia ya mafuta, gari linaweza kukataa kuwaka, na maji yakifika kwenye pampu huila pamoja na nozeli, zile zinazonyunyiza mafuta ndani ya silinda. Yote mawili huzuiliwa pale pale kwenye filta unayoidharau. Ukiisha kufunga filta mpya, legeza skrubu ya kutolea hewa, piga pampu ya mkono, utazame mafuta yanavyotoka na povu, na usikaze mpaka yatiririke bila hata kiputo kimoja. Yale unayoyamwaga kutoka chini ya filta yakinge kwenye chupa nyeupe, uyaache yatulie: maji hukaa chini, dizeli juu. Kwa unyevu wa pwani yetu, tangi likilala nusu halikosi kukusanya maji.

Oili nayo ina habari zake. Kuwa nyeusi muda mfupi baada ya kubadilishwa si ugonjwa, ni masizi ya dizeli. Lakini ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, maji ya rejeta yamejichanganya nayo, na hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya silinda, ikifunguliwa utakuwa umekwisha kujua kinachotafutwa. Fundi anayefungua hedi kwa kubahatisha, mimi simpi hata baiskeli yangu.

Moja silifanyii mzaha: katika injini za kisasa za komoni reli, ambazo bomba moja lenye presha kubwa hugawia nozeli zote mafuta, presha ya mafuta huweza kupita baa 1,600. Usipapase kamwe panapovuja, kwa maana mafuta hupenya ngozi, na kidonda kidogo kama tundu la sindano huweza kukukosesha mkono. Tafuta kwa kipande cha katoni, mkono ukiwa mbali, kisha uzime injini na ungoje presha ishuke kabla ya kugusa chochote.

Kuhusu cheti, NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, huwatahini mafundi kwa vitendo pia, kuanzia daraja la tatu, ambalo ndilo la chini. Mwombe msimamizi wako akueleze namna ya kujisajili, nami nitatuma ada. Na siku watakapopeleka nozeli kupimwa, omba ruhusa ufuatane nazo.

Mama yako anakusalimu sana.

Ni mimi, baba yako.