Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu katika Waraka Mmoja

Wengi wetu tunaotaipu hapa Mombasa, tukiona Kiswahili kimejaa mistari myekundu, hufanya moja kati ya mawili: tunazima ukaguzi wa tahajia, au tunabofya "ongeza kwenye kamusi" neno baada ya neno mpaka wekundu uishe. Nawasihi ndugu zangu muache yote mawili, na hasa hilo la pili.

Kazi ninazoletewa ni barua za kamati za misikiti, mikataba ya kupangisha nyumba, kadi za harusi na hati za kiapo. Ukurasa huanza na Bismillahi kwa herufi za Kiarabu, ukaendelea kwa Kiswahili, kisha katikati kikaingia kifungu cha sheria cha Kiingereza. Mimi natumia LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, lakini hata Microsoft Word huweka alama ya lugha kwenye maneno yenyewe. Faili moja inaweza kubeba lugha tatu, na kila moja ikakaguliwa kwa kamusi yake, mradi uiambie programu lipi ni lipi.

Kiarabu hakina taabu kama watu wanavyodhani. LibreOffice hukitambua kwa herufi zake, kwa hiyo ukishakichagua mara moja kwenye mipangilio ya lugha, basi. Ugumu uko kwa Kiswahili na Kiingereza, kwa sababu herufi ni zile zile.

Tazama chini kabisa ya dirisha, kwenye mstari wa idadi ya maneno: lugha imeandikwa pale. Teua sentensi, bofya jina la lugha, badilisha. Kwa waraka mrefu, fungua mitindo kwa F11, tengeneza mtindo wa herufi uuite "Kiingereza", na kwenye sehemu ya fonti uupe Kiingereza cha Uingereza, maana ndiyo tahajia ya ofisi zetu. Kila kifungu cha Kiingereza kiteue ukipe mtindo huo, na waraka wenyewe uache kwa Kiswahili. Katika orodha ya lugha, zenye kamusi huwa na alama ya tiki na herufi ABC kando yake. Kiswahili kimo mara mbili, cha Kenya na cha Tanzania. Chukua chenye alama hiyo, hata kama ni cha Tanzania.

Sasa kuhusu ile tabia ya kuongeza maneno. Kamusi ya mtumiaji inayokuja na programu huhesabiwa kuwa ya lugha zote. Ukitia "bali" humo ili mstari uondoke, siku mtu atakapoandika ombi la dhamana kwa Kiingereza na "bail" ikateleza ikawa "bali", hakuna mstari utakaotokea, na karatasi itafika mahakamani hivyo hivyo. Kompyuta inayotumiwa na watu wengi hujaa maneno ya namna hii mpaka ukaguzi wake hauna maana tena.

Tengeneza kamusi zako mwenyewe na kila moja uipe lugha yake. Ninayo ya majina, ambayo kwa haki ni ya lugha zote: Kisauni, Changamwe, Mwembe Tayari, na majina ya koo. Ya pili ni ya vitenzi sahihi ambavyo kamusi haivijui, kwani viambishi vyetu huzaa maumbo mengi mno. Umbo kama "hatujawakabidhi" laweza kupigiwa mstari bila kosa lolote. Ya tatu naipenda zaidi: ni ya Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa. Mkutano uliochagua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika papa hapa Mombasa mwaka 1928, na kamusi za kompyuta zinafuata usanifu huo. Mzee akileta shairi lenye "mato" (macho) na "ndia" (njia), sitaki kuyaona yamepigiwa mistari kana kwamba hajui lugha yake. Ila kamusi hii naiwasha kwa mashairi tu. Kwenye barua ya ofisi naiondolea tiki, nisije nikapitisha "ndia" mahali pa "njia".

Kamusi hizi hukaa kama mafaili ya .dic ndani ya folda iitwayo wordbook, kwenye wasifu wako wa LibreOffice, yaani folda inayohifadhi mipangilio yako. Zinakili kwenye flashi kabla fundi hajaipiga kompyuta fomati.